Bi. Biubwa Mahmoud, Aliyewafunza Watu Kumwamkia Farasi

Marehemu dada yetu, Bi. Biubwa Mahmoud Mwishehe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, Dunda, Bagamoyo, mtoto wa tatu wa Mzee Mahmoud, mfanyabiashara wa nazi, na Bi. Mwanamkasi. Utotoni aliogopa hata mbuzi wa Idi. Mbuzi akifungwa uani, yeye hupanda kitandani.

Alisoma chuo cha Kurani na shule ya msingi hapa mjini, akahitimu uuguzi wa afya ya akili Dodoma mwaka 1989. Alihudumu Fukayosi, kisha mjini, hadi alipostaafu mwaka 2021.

Mwaka 1992 aliolewa na Bwana Ibrahimu Khamis, mkulima wa Makurunge, wakajaaliwa Hajra na Najim. Mwaka 2016 mumewe alinunua farasi jike aliyechoka kubeba watalii ufukweni, kaskazini mwa Dar es Salaam. Jamaa tulicheka: farasi halimi wala hakamuliwi. Bi. Biubwa akamwita Tulia, akaanza kumletea wagonjwa wake waliolemewa na huzuni na hofu. Hakuna aliyempanda. Walimpiga brashi, wakamtembeza kwa kamba, lakini kwanza walimwamkia, wakasubiri. Sisi tumezoea kujibu "salama" hata nyumba ikiungua. Tulia, alisema marehemu, hana adabu hiyo. Mtu akificha jambo mwili hukakamaa, na farasi hurudi nyuma. Mikdad wa Ubena, dereva wa lori aliyeacha usukani baada ya ajali, alikuta Tulia akirudi nyuma wiki nzima, hadi siku alipolia. Alipopata nafuu alibaki kuwa mtunza banda.

Bwana Ibrahimu alifariki Februari 2024. Bi. Biubwa alikaa eda yake kamili, na kila aliyekwenda kumpa pole alijibiwa salama, tena akachekeshwa. Alipotoka edani alikwenda moja kwa moja bandani. Tulia akarudi nyuma. Tuliokuwapo tukacheka, tukasema amemsahau. Mikdad hakucheka.

"Mama, wewe ndiye uliyetufundisha. Akirudi nyuma, mtu ana jambo."

"Ana njaa huyo," akajibu. "Mpe majani."

Mganga hajigangi. Alikuwa na shinikizo la damu, na tangu msiba ule alikuwa ameacha dawa bila kumwambia mtu. Mapema Agosti 2025 alipatwa na kiharusi, akalazwa. Ulimi ulipomrudia kidogo alimwambia Hajra, "Tulia alisema kweli. Mimi ndiye niliyekataa." Alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 20 Agosti 2025. Inatuuma kwamba aliyewasikiliza wengi hakusikilizwa na mtu, nasi tulikuwa tele nyumbani kwake, tukila na kucheka.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, kaka yake Mwinyijuma, dada yake Shamsia, Mikdad, na Tulia. Ameusia banda lifunguliwe mara baada ya hitima, na wa kwanza kusimama mbele ya farasi tuwe sisi jamaa zake.

Mola amlaze pema dada yetu, na huko akiulizwa hali, ajibu salama iliyo ya kweli.