Ukuta wa Bi Olive

Benchi letu liko mbele ya duka, huku Norfolk ya kusini, Uingereza, na ukikaa hapo unaziona nyumba zote sita za halmashauri. Babu zetu walizijenga baada ya vita vile vya kwanza vya dunia, matofali ya kuchoma yalipokuwa hayashikiki kwa bei. Walichukua udongo wa shimo la nyuma na mabua ya shayiri, farasi akakanyaga, tofali likaanikwa juani, basi. Juzi ukuta wa nyuma wa Bi Olive ulilala chini. Kazaliwa mle. Asubuhi hii alikaa katikati yetu na chupa yake ya kahawa, akimngoja fundi wa halmashauri aje aseme kama nyumba itatengenezwa au itabomolewa. Nasi, badala ya kumpa pole, tukaanza kubishana.

— Ni mafuko hao, alisema Mtego, ambaye maisha yake yote kazi yake ni kunasa mafuko. Wanachimba kwa chini. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wewe hata mkeo alipokukimbia ulisema mafuko, alijibu Jaji, ambaye mahakamani alifika mara moja tu, kwa kuendesha trekta amelewa. Ni ndege za kivita. Zikipita, kikombe changu kinacheza. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

— Tembo wametoka wapi tena?

— Nyasi si zile zilizomo ukutani? Mabua!

— Basi mimi nasema bahari, nilidakia. Inakuja chini kwa chini.

— Maili arobaini, bwana!

— Haina haraka.

Bi Olive alicheka, kisha machozi yakamlenga. Jaji akadhani anamfariji:

— Ndiyo maana wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Tuliuziba, alisema Bi Olive. Marehemu mume wangu Cyril aliuziba kwa saruji, akapiga saruji nyumba nzima. Mkaja kumpa mkono, mkasema sasa imekuwa nyumba ya watu.

Sote tulipiga saruji; tulichoka kuitwa watu wa matopeni. Udongo unataka kupumua. Maji yaliingia, yakakosa pa kutokea, na tukawa tunapaka rangi juu.

Fundi alikuja, binti mmoja, jina lake Kirsty. Alizunguka nyuma, akarudi na tope mkononi.

— Udongo wenyewe mzuri. Shimo lipo bado?

— Lipo! tuliitikia kama watoto wa shule.

— Na mabua?

— Tele!

— Basi ukuta unatengenezeka. Nani kati yenu anajua kuyafyatua haya matofali?

Mtego alikohoa. Jaji akaanza, “Babu yangu…” akaishia hapo.

Bi Olive aliweka kikombe chini, akaanza kutuita kwa majina tuliyobatizwa, pole pole, kwa matumaini.

— Walter? alimwuliza Mtego.

— Reggie? alimwuliza Jaji.

Kisha akanigeukia mimi, wa mwisho, nami sijui zaidi yao.