Bi Hamdiya na Chupa ya Spiriti

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Leo tunamkumbuka Bi Hamdiya wa Temeke, mke wa Mzee Muhsin, fundi redio. Bi Hamdiya tulimzika Jumatatu.

Mzee Muhsin alianza kama fundi wa bati. Alikuwa akiziba taa na madumu kwa risasi iliyoyeyushwa na tindikali ya kusafishia bati. Redio zilipoingia mjini akaletewa ya Bwana Adelard, karani, jirani yake. Akailehemu kwa tindikali ileile ya madumu. Redio ikasema wiki mbili, kisha ikawa bubu. Kufungua, waya zimeliwa, zimeota kutu ya kijani.

Tangu hapo akaacha tindikali, akatumia ulimbo, utomvu mkavu wa mti usiokula waya. Lakini ulimbo nao huacha masalia yanayonata na kukamata vumbi. Bi Hamdiya akaichukua kazi ya kuosha. Alikaa dirishani na mswaki mkuukuu na chupa ya spiriti, akisugua kila kiungo mpaka risasi ing'ae. Harufu ikavuka ua, na majirani wasiokosa la kusema wakavumisha kwamba fundi kaanza ulevi. Yeye alicheka tu.

Kicheko kilikatika siku moja. Chini ya ulimbo alioufuta aliona waya haukushika. Kesho yake akaona mwingine, halafu nyingine. Macho ya mumewe yalikuwa yakififia, wasikilizaji, na fundi asiyeona nani atampa redio yake?

Hakumwambia. Mumewe akienda kuswali, yeye alipasha moto chuma cha kulehemia na kuvilehemu upya viungo vilivyokosewa. Aliyejua ni Bi Felicitas peke yake, mke wa Bwana Adelard, aliyemuuliza kwa nini anaficha.

"Alinijibu, 'Dada, macho yake yakijua, mikono itaogopa,'" Bi Felicitas ameniambia.

Miaka ikapita hivyo. Redio nyingi za Temeke zilisema kwa mikono ya watu wawili, na sifa akapata mmoja.

Juzi nilikwenda kumpa pole Mzee Muhsin. Nikamwamkia, nikaketi. Hakulia. Alikuwa amekishika chuma chake, kimepoa.

"Nilikuwa najua mie," akaniambia. "Nikirudi msikitini nakuta chuma cha moto. Nikanyamaza. Alikuwa anafurahi kunificha, sikutaka kumnyang'anya furaha yake."

Mimi hapo nilishindwa kujizuia, wasikilizaji wapendwa.

Tunawapa pole wafiwa wote. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Hamdiya. Nawe unayesikiliza, mtafakari yule anayemalizia kazi yako bila kusema. Kama yu hai, mwambie kwamba unajua.

Na Mzee Muhsin, najua unatusikia, redio yako aliiosha Bi Hamdiya mwenyewe. Tangu msiba hujalehemu, na chupa ya dirishani hutaki iguswe. Kesho asubuhi Bi Felicitas atabisha hodi. Redio yao imenyamaza tena, naye atakuja na mswaki wake wa kuoshea viungo. Mfungulie, mzee wangu. Na kiungo ukikikosea, mwache akwambie.