Mzee Umande na Moto Usiolala

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa fundi seremala na fundi cherehani. Alimaliza sekondari mwaka 1977, akasomea misitu chuoni, na mwaka 1981 akaajiriwa kwenye shamba la miti, ambako alifanya kazi hadi kustaafu akiwa mkuu wa kikosi cha zimamoto.

Vijana wa kikosi chake walimwita Mzee Umande. Aliwafundisha kuubana moto mchana kutwa, kisha kungoja ubaridi wa usiku na umande viupunguze nguvu, ndipo waumalize. Kwa miaka mingi mbinu hiyo haikumwangusha.

Mwaka 1985 alimwoa mama yetu, muuguzi wa zahanati ya shamba. Mama husimulia kwamba kabla ya ndoa baba alikuwa haishi kuja kufungwa bandeji mkononi. Siku moja mama akamkagua, asione hata mchubuko, akamuuliza, "Leo umeungua wapi?" Akamjibu, "Leo sijaungua. Nimekuja tu."

Miaka ya karibuni joto lilizidi. Mvua zilichelewa, nyasi zikakauka mapema, na hata usiku hapakupoa. Baba aliliona hilo, lakini kila tulipomgusia alisema ni mwaka mbaya tu, utapita. Januari mwaka jana, baada ya jua kali la wiki nyingi, msitu ulishika moto. Ingawa alikwishastaafu, kikosi kilimwomba ushauri; akawaambia wangoje usiku, naye akaenda kungoja pamoja nao. Usiku ulikuja na joto lake, umande haukushuka, na moto ukaruka barabara waliyoitegemea kuuzuia. Aliwaamuru waache kila kitu wakimbie, naye akabaki nyuma kabisa, akiwamulikia njia kwa tochi katikati ya moshi. Miti aliyoipanda ujanani iliteketea yote.

Mapafu yake hayakupona. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa kifua. "Moto wa zamani nilikuwa naujua," alimwambia mama. "Huu wa joto hili nilikataa kuujua." Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni mwaka huu, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na vijana wa kikosi kile, ambao leo wamelibeba jeneza lake, wote, hakuna aliyepungua.

Mwenyezi Mungu ampe pumziko la amani.