Mzee Jambo Moja na Dawati la Dirishani

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe. Mwaka 1959 alianza shule akiwa amevaa viatu vya mteja aliyechelewa kuvichukua. Mwenyewe alipotokea, marehemu alirudi nyumbani pekupeku. Alihitimu ualimu wa hisabati mwaka 1974.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na muuguzi, wakajaliwa watoto wanne. Akitaka kumwita mmoja, alipitia majina yote manne ndipo afike kwa mhusika, na mkewe akimtania kwamba iko siku ataita na paka.

Aliteuliwa mkuu wa shule ya sekondari mwaka 1988. Wanafunzi walikuwa mia tisa, naye alijivunia kuwaendesha kwa kengele. Mwaka uliofuata, binti mmoja wa kidato cha tatu alifariki kwa homa kali. Marehemu alisimama mazikoni akamsifu kwa sauti ile ile ya mstarini: msemaji hodari, nyota wa mpira wa pete. Waombolezaji wakatazamana. Mama wa binti, mshonaji wa nguo, alimsogelea taratibu.

"Mwalimu," alimwambia, "huyo uliyemsema si mwanangu."

Alikuwa amemsema jirani wa dawati wa binti huyo. Yule aliyefariki alikuwa amekaa dirishani darasani miaka yake yote shuleni, na katika walimu wote hakupatikana aliyekumbuka sauti yake.

Neno lile lilimganda marehemu kama ruba. Alimwendea yule mama, akaomba asimuliwe. Akaambiwa binti alikuwa akiibembeleza cherehani ikikwama mpaka ishone, na kwamba alitamani ufundi wa mashine, ila shule ilimpanga masomo ya biashara bila kumuuliza.

Basi akaipangua shule. Kila mwalimu alipewa wanafunzi wachache wa kuwalea tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Masomo yalifuata kasi na kipaji cha kila mmoja; aliyependa mashine alishinda karakanani, na hisabati akajifunzia humo humo. Kila Ijumaa mwalimu alitakiwa kusema jambo moja kuhusu kila mtoto wake, na alama za mtihani hazikukubaliwa kuwa jambo. Wakaguzi waligomba. Walimu walinung'unika, wakambandika jina la Mzee Jambo Moja. Lile dawati la dirishani hakuruhusu liondolewe, na kila alipolipita alisita mlangoni kama mtu aliyeitwa.

Alistaafu mwaka 2011. Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2021. Wodini aliwakataza wauguzi kusogeza kiti cha dirishani, akisema kuna mtu amekaa, na kwamba bado hajaisikia sauti yake. Kifungua mimba wake alipokuwa akimrekebishia mto, alimshika mkono.

"Siku yangu," alisema, "msije mkamsema mtu mwingine."

Alifariki tarehe 3 Juni 2024, uso ukielekea dirishani.

Jambo lake moja, basi, ni hili: aliogopa kumsahau mtu kuliko alivyoogopa kufa.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba na dada mmoja. Kabla maneno haya hayajachapwa, familia ilimpelekea yule mama mshonaji. Alivaa miwani, akasoma hadi mwisho. Kisha akasema, "Huyu ndiye."

Apumzike kwa amani, na aliyekaa dirishani apumzike naye.