Makofi Yaliyofunika Neno la Iriba

Cimpunda, Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1978

Mgeni rasmi, Citoyen Commissaire wa Zone,
Wajumbe mliofuatana naye,
Chef wa quartier, mtaa wetu huu,
Wazee, akina mama, mafundi, na ninyi nyote mliosimama kwa kukosa viti,

Sisi wakaaji wa Avenue Kashenyi tunakuamkia kwa heshima. Tunajua njia uliyopita, kwa maana gari lako limebaki chini na wewe umepanda kwa miguu katika tope la mvua ya jana. Tungependa kukuahidi kwamba mwaka ujao gari litafika juu, lakini leo hatukuja kuahidi tusichokijua. Mama Mapendo ameweka maji na kitambaa pale mlangoni kwa ajili ya viatu vyako. Karibu sana.

SISI NI NANI

Tuko nyumba mia moja na kumi na mbili kwenye mteremko huu. Wengi wetu tulitoka Kabare na Walungu, wengine Sange na Luberizi kule bondeni Ruzizi, na ziko jamaa za wafanyabiashara waliotoka Uvira. Kwa hiyo katika mkutano wetu mmoja unaweza kusikia Mashi, Kifulero, Kiswahili cha namna tatu, na Kifaransa cha wale waliosoma. Tulijisifu sana kwa jambo hilo. Hatukujiuliza kama kusikia lugha nyingi ni sawa na kuelewana.

TULIYOYAFANYA

Kwa salongo, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi, tumejenga ngazi themanini na sita za mawe, toka njia ya juu mpaka korongoni. Tumechimba mfereji wa maji ya mvua. Tumepanda miti mahali udongo ulipokuwa ukiporomoka, na mingi imeshika. Kazi hizi umeziona ulipopanda, hatutazisifu zaidi.

Kila kazi ilianza kwa mkutano, na kila mkutano ulimalizika kwa makofi. Papa Nasoro, muuza vitenge, aliye rais wa kamati yetu, alikuwa na namna yake ya kufunga shauri. Alisema: "Kuko mwenye kukataa? Hakuna. Basi, makofi!" Kati ya neno "kukataa" na neno "hakuna" mtu hakupata hata nafasi ya kukohoa. Yeye mwenyewe ameketi hapa mbele, na ndiye aliyetuomba tuliandike jambo hili kama lilivyokuwa.

MKUTANO WA JUNI 1976

Siku hiyo tulikutana ili kuchagua mahali pa kujenga foyer, yaani nyumba ambamo akina mama wangejifunza kushona, kusoma na kuandika. Mahali palikuwa pawili. Juu palikuwa pembamba, penye mawe. Chini ya ngazi palikuwa tambarare, pazuri, kama pametengenezwa kwa ajili yetu. Macho ya watu wote yalikuwa chini.

Ndipo aliposimama mama M'Cirhuza. Yeye alizaliwa kwenye kilima hiki wakati kilipokuwa mashamba ya mtama, kabla ya nyumba yoyote. Alisema:

"Papa Président, ile fasi iko iriba."

Papa Nasoro ni mtu wa Uvira, Mashi haijui. Akasikia neno lingine.

"Nani anaaribu, mama? Sisi tunajenga, weye unasema tunaaribu?"

"Apana, papa. Iriba! Iko pale chini!"

"Anarudilia tena! Maman, ikala tu chini. Hapa hakuna mwenye anaaribu."

Mtu mmoja akapiga kelele toka nyuma: "Anataka foyer tuijenge mu jiko yake!" Watu wakacheka. Mama M'Cirhuza naye akacheka kidogo, kama mtu anavyocheka ili asionekane ameudhika. Akarekebisha kitenge chake, akaketi.

"Kuko mwenye kukataa? Hakuna. Makofi!"

Mgeni rasmi, katika Mashi iriba ni chemchemi, mahali maji yanapotoka ardhini. Papa Nasoro hakulijua neno hilo. Lakini zaidi ya nusu ya watu waliokuwa pale tulilijua tangu utoto. Tulilisikia vizuri, tukaona limekosewa, tukapiga makofi.

Baadaye kila mmoja alitoa sababu yake. Fundi Almasi, aliyekuja kuujenga ukuta wa foyer, alikuwa amechoma ardhi ile kwa chuma chake siku mbili kabla, na chuma kikatoka na unyevu. Lakini alipotazama huku na huku aliona akina mama wanapiga makofi kwa nguvu. Mwaka mzima baadaye yeye na mama Mapendo, mmoja wa akina mama hao, walisemezana hivi mbele yetu:

"Miye niliona muko mnapiga makofi, nikasema foyer ni ya bamama, bamekubali. Nitakatalia nani?"

"Eh, papa Almasi! Na miye niliona weye unapiga. Nikasema fundi amepima, fundi anajua!"

Hivyo fundi alimwegemea mama, na mama alimwegemea fundi, na nyuma yao tulikuwa sisi wote tumeegemea.

Hapa naomba ruhusa kutoka katika "sisi" kwa maneno machache, kwa sababu kosa hili ni la mtu mmoja. Mimi Bisimwa, katibu, nilisoma shule ya jioni miaka minne nikitoka kazini, na mwandiko wangu unasifiwa mpaka leo. Procès-verbal, yaani kumbukumbu ya mkutano ule, niliiandika siku moja kabla ya mkutano, ili iwe safi. Nilikwisha kuandika kwamba mahali pa chini pamekubaliwa à l'unanimité, bila hata mmoja kukataa. Nilipenda maneno hayo mawili. Mama M'Cirhuza aliposimama, karatasi ilikuwa tayari mkononi mwangu, na niliwaza tu kwamba akiendelea itanibidi kuandika upya. Yeye aliketi, nami nikafurahi. Karatasi ile ninayo hapa. Ni safi, haina hata doa.

KILICHOTUPATA

Tulijenga miezi minane. Mwezi wa Aprili 1977, katika mvua kubwa, ukuta wa upande wa mlima ulianguka. Fundi Almasi alikuwa ndani akitafuta mahali maji yanapoingilia. Mawe yalivunja mguu wake wa kuume, na haukupona vizuri. Fundi aliyepanda majengo ya mjini miaka ishirini sasa anakaa mbele ya mlango wake akiwanolea wengine vyuma vyao. Hajamlaumu mtu. Ingekuwa rahisi kwetu kama angetulaumu.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Darasa la akina mama, watu ishirini na watatu pamoja na watoto wa mgongoni, lilikuwa Jumatano.

Tulipoondoa mawe, maji yalitoka chini ya msingi, meupe, yasiyo na tope. Mama M'Cirhuza alikuja na jembe lake kusaidia. Hakusema "niliwaambia". Alisimama akayatazama, kisha akasema taratibu: "Iriba njo ile."

Papa Nasoro alikuwa karibu naye, tope limefika magotini.

"Iriba," akasema. "Haikukuwa 'kuaribu'."

"Apana, papa."

"Na ulinicheka, mama?"

"Nilijicheka miye. Nilisema pengine Kiswahili yangu njo iko mubaya."

Neno hilo ndilo lililotuumiza kuliko ukuta. Aliyesema kweli alirudi nyumbani akidhani ulimi wake ndio wenye kasoro.

NAMNA TULIVYOJIFUNZA KUKAA

Mama M'Cirhuza huwaendea majirani sokoni Kadutu. Hajui kuandika, kwa hiyo kila anayemtuma lazima asikie ujumbe wake ukirudishwa: "Umesema samaki sambaza kopo mbili, majani ya sombe fungu moja, chumvi apana. Njo vile?" Mpaka mtu aseme "njo vile", haondoki. Kwa miaka yote hiyo hajaleta kitu kisichotakiwa.

Baada ya ukuta tuliichukua desturi yake tukaitia katika mkutano. Mtu akisema, anayetaka kumjibu hurudisha kwanza neno lake, mpaka mwenye neno akubali kwamba ndilo. Siku ya kwanza tulichoka kama watu wa kubeba mawe. Papa Nasoro alijaribu mara tatu.

"Mama anasema tusijenge."

"Sikusema vile."

"Mama anasema tujenge, lakini ataona."

"Papa, hiyo iko yako. Rudisha yangu!"

Tulicheka, lakini safari hii tulicheka pamoja na mama. Na tangu siku hiyo hatujapigana maneno kama zamani, kwa sababu mara nyingi tunagundua kwamba ugomvi ulikuwa wa neno ambalo hakuna aliyelisema.

Laiti tungeishia hapo, risala hii ingekuwa ya furaha. Mwezi wa Agosti barua yako ilifika, kwamba simenti imepatikana na wewe mwenyewe utakuja kuweka jiwe la msingi la foyer mpya. Tulishangilia mno. Tulikusanyika siku hiyohiyo. Mama M'Cirhuza hakuwako, alikuwa amekwenda Luberizi kumsaidia binti yake katika mpunga. Hakuna aliyesema "tumngoje". Tulichagua mahali hatua kumi na moja juu ya magofu, na tulipiga makofi. Ndiyo, Mgeni rasmi, tulipiga tena. Mikono ilikimbia kabla ya vichwa.

Alirudi wiki iliyopita. Jumapili baada ya misa tulikaa, tukamwonyesha shimo lililochimbwa kwa ajili ya jiwe. Alilitazama, akasema: "Iriba iko na macho mbili. Moja ilikuwa kule chini. Hii njo ya pili." Tulimrudishia neno lake. Akajibu: "Njo vile."

OMBI LETU

Wiki hii tulifika ofisini mara tatu ili kukuarifu. Karani alitupokea vizuri, akatuambia: "Papa, programme imekwisha pigwa mashine. Yote yenye muko nayo, muandike mu risala." Tumefanya hivyo.

Jiwe liko pale chini ya kitambaa cha kijani, na mwiko umeoshwa. Tunakuomba usiliweke leo.

Tunakuomba wiki tatu. Mvua zimeanza, na wakati huu ardhi haifichi kitu. Tutachimba mashimo matatu ya kimo cha mtu, moja hapo, na mawili kule juu penye mawe, mahali tulipopadharau mara mbili. Fundi Almasi amekubali kubebwa mpaka huko, ili achome ardhi kwa chuma chake mwenyewe na aseme kwa sauti anachokiona. Kisha tutakuja kwako na jibu.

Tunajua tunachokihatarisha. Avenue nyingine zinaingoja simenti hiyo, nazo zina haki. Mama Mapendo ametunza cherehani nne za foyer chumbani mwake, chini ya bâche, turubai la mvua, tangu siku ukuta ulipoanguka, na mume wake analala akiwa amekunja miguu. Akina mama ishirini na watatu walifika nusu ya alfabeti. Simenti ikienda kwingine, sisi ndio tutakaowaeleza sababu. Tumeliwaza sana jambo hili, na tumeona afadhali kuwaeleza wakiwa hai.

Tena, kabla hujatoa uamuzi, tunaomba umsikilize mama M'Cirhuza mwenyewe. Atasema kwa Mashi, kwa kuwa sasa anajua kwamba ulimi wake hauna kasoro, na mama Mapendo atafasiri. Na kama si kukukosea heshima, urudishe kwanza neno lake kabla ya kulijibu.

Mwisho, programme yako inasema kwamba baada ya risala kuna makofi. Tunakuomba wewe na wote mliohudhuria mtusamehe makofi hayo. Pawe kimya kidogo tu, kwa kadiri ya mtu kusimama, kurekebisha kitenge chake na kuanza kusema.

Mungu akushushe salama kwenye ngazi zetu, aibariki nyumba yako, amrudishie fundi Almasi nguvu zake, na atupe masikio kabla ya mikono.

Ni sisi, wakaaji wa Avenue Kashenyi, Cimpunda.

Imeandikwa na kusomwa na Bisimwa, katibu. Katika mkutano wa juzi jioni waliikubali risala hii watu sitini na wanane. Watu wanne hawakuikubali. Majina yao na sababu zao, kama walivyozisema wenyewe, yako nyuma ya karatasi hii.