Siku Tisa Ambazo Sajini Wino Hakuziandika

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imenituma mimi, binti yake mkubwa, niwasomee maisha ya baba yetu. Sehemu kubwa ya maneno haya aliyasikiliza mwenyewe akiwa kitandani, akayarekebisha mahali pawili, akaagiza yasomwe yote, hata yale ambayo mtoto hapendi kuyasema juu ya mzazi wake, kwa hiyo mtanivumilia sauti ikinikatika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne kati ya saba wa baba mkata tiketi na mama mkunga. Alisoma shule ya msingi papo hapo relini kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na huko ndiko alikopachikwa jina la Wino, kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri kiasi kwamba mwalimu mkuu alimwita kila mwisho wa mwaka ajaze majina kwenye vyeti vya wenzake, naye akirudi nyumbani vidole vyeusi tii, bibi yetu alikuwa akimlisha kwa kijiko asije akachafua sahani. Alimaliza sekondari mwaka 1979, na tarehe 12 Januari 1981 akajiunga na jeshi la polisi, jambo ambalo babu hakulipenda hata kidogo, alitaka mwenye mwandiko kama ule awe karani wa benki.

Baada ya miaka sita ya doria walimweka kaunta, na hapo kaunta alikaa miaka ishirini na minane, akapanda cheo hadi sajini, kazi yake kubwa ikiwa kutunza daftari la mahabusu, yaani kila anayeingizwa selo aandikwe jina, saa, kosa na hali yake ya mwili, na kila anayetoka aandikwe vilevile. Wengine waliiona ni kazi ya kuchosha, yeye aliipenda, alikuwa akituambia kwamba mtu akishaandikwa mle hawezi kupotea, hata mkubwa akitaka apotee.

Mama alimpata hapo hapo kaunta. Mama ni fundi cherehani, na mwaka 1987 alikwenda kuripoti kuibiwa cherehani yake, marehemu akamchukua maelezo kurasa nne, rangi ya cherehani, rangi ya uzi uliobaki kwenye sindano, nani aliiona mara ya mwisho na alikuwa amevaa nini, hadi koplo mwenzake akauliza kama anaandika wizi au barua ya posa. Cherehani haikupatikana. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988, wakajaliwa watoto watatu, mimi niliyezaliwa mwaka 1990, mdogo wangu wa kiume wa mwaka 1993, na kitinda mimba wetu wa mwaka 1998.

Sasa nafika mahali ambapo nilimwomba baba anisamehe nisipasome, akakataa.

Asubuhi ya tarehe 3 Machi 2015 askari wa kitengo cha makosa ya mtandao walileta pale kituoni kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, aliyekuwa amepiga picha za askari wakimpiga mwanamke kwenye foleni ya vitambulisho, akazisambaza kwa simu, na watu wengi wakaziona. Marehemu alifungua daftari, akachukua kalamu, mkuu wa kituo akaweka kiganja juu ya ukurasa, akamwambia, "Huyu asiandikwe." Baba alikuwa amebakisha mwaka mmoja na miezi michache astaafu, mdogo wetu alikuwa bado shuleni, naye akafunga kalamu. Alisema kwamba jambo lenyewe halikuchukua hata dakika moja.

Mama wa kijana anafua nguo hospitalini. Alifika siku ileile mchana na nguo za kubadilisha, zimekunjwa kama shuka za wodini, akauliza kwa adabu kama mwanawe yupo, marehemu akamjibu kwamba hayupo. Akaja kesho yake, na keshokutwa, kila siku kabla ya kuingia kazini, akisimama upande ule wa kaunta, hatua kumi tu kutoka mlango wa selo, na kila siku akapewa jibu lilelile. Siku ya tano alitoa mfukoni kichupa cha dawa ya kuvuta, akasema mwanawe ana pumu, haombi kumwona, haombi chochote, ila kama yupo apewe tu dawa. Baba aliisukuma ile dawa ikarudi upande wake, kwa sababu kuipokea kulikuwa ni kukiri. "Mama, nimekwambia hapa hayupo," akasema, na aliniambia kwamba aliyatamka maneno hayo kwa ukali, ili aamini mwenyewe.

Kijana alifariki tarehe 11 Machi, saa tano asubuhi, kwa kukosa pumzi, baada ya wenzake wa selo kugonga mlango muda mrefu huku aliyeshika funguo hajulikani alipo. Mkuu wa kituo alitaka iandikwe kwamba aliletwa na wapita njia akiwa tayari mahututi. Marehemu alichukua daftari, na kwa mwandiko wake uleule wa kwenye vyeti akaandika siku zote tisa, nani alimleta, nani alitoa amri, nani aliulizia, nini kilikataliwa na kwa mkono wa nani, akatia jina na namba yake ya kazi. Halafu akaondoka na daftari kifuani ndani ya koti, akalipitisha nyumbani, mama yetu akalificha kwenye gunia la vipande vya vitambaa, naye baba akatembea kwa miguu hadi kwa mama wa kijana, akavua kofia mlangoni na kumwambia, "Mwanao alikuwa kwetu siku zote, na mimi ndiye niliyekudanganya." Mama yule hakulia mbele yake. Alifunga mlango.

Mwezi Juni, swali lilipoulizwa bungeni, waziri wa mambo ya ndani alijibu kwamba kumbukumbu za kompyuta zinaonyesha kijana aliachiwa kwa dhamana tarehe 4 Machi, na ni kweli zilionyesha hivyo, kwa sababu mtu alikuwa ameingia kwenye mtambo kwa kutumia jina la baba na kuandika uongo huo baada ya mazishi. Baba aliisikia taarifa hiyo redioni, mama akiwa anamshonea suruali, akalia kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akisema, "Wamemwachia kwa mkono wangu, wamemwachia akiwa kaburini."

Kamati ya Bunge ya mambo ya ndani ilimwita tarehe 14 Septemba 2015. Alikwenda na daftari, uzi wa mama bado umeng'ang'ania kwenye jalada. Mwenyekiti alimuuliza waamini kipi, kompyuta yenye jina lake au daftari lenye mwandiko wake, akajibu, "Mheshimiwa, nywila yangu imebandikwa ukutani pale kituoni, hata mfagizi anaijua. Aminini daftari, na mkiliamini, linanishtaki na mimi." Wanasheria walikuwa wamemshauri aseme aliamriwa tu. Alisema aliamriwa, kisha akasema angeweza kukataa.

Alifukuzwa kazi tarehe 2 Oktoba mwaka huo. Tarehe 22 Agosti 2016 alihukumiwa miezi kumi na minane kwa uzembe uliosababisha kifo, hakukata rufaa, akaitumikia yote hadi tarehe 21 Februari 2018, sisi tukimtembelea na yeye akituuliza habari za shule ya mdogo wetu tu. Mkuu wa kituo alipata miaka saba. Aliyebadilisha kumbukumbu za kompyuta hajatajwa hadi leo, na waziri hakuwahi kurudi bungeni kusahihisha jibu lake, ingawa baba alimwandikia barua kila mwaka mwezi Machi tangu atoke gerezani, barua sita kwa jumla, na nakala zake ziko kabatini. Kitu kimoja kilibadilika. Siku hizi ndugu wa aliyekamatwa ana haki ya kufunguliwa daftari na kulisoma mwenyewe, na watu wanaokwenda pale kaunta hawajui ilianzaje.

Alipotoka alifanya kazi ya kuwaandikia watu barua na fomu, barazani kwetu, pembeni ya cherehani ya mama. Alimwandikia pia yule mama wa kijana, mara moja, hakujibiwa, na hakuandika tena, akisema asimsumbue.

Maradhi ya figo yaligundulika Novemba 2021, akawa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tarehe 20 Mei mwaka huu, 2023, akalazwa bila kutoka. Tarehe 24, shuka za wodi yake zilipoletwa, aliyezileta alisimama akamtazama, na marehemu akamtambua kabla yetu. Yule mama aliweka shuka kitini, akauliza jambo moja tu, mwanawe alisema nini. Mimi nilikuwepo. Hilo baba hakuwa amelisema kwa kamati, wala kwa mahakama, wala kwa mama yetu.

"Siku ya sita, ulipoondoka, aliniita mlangoni," akasema. "Akaniuliza, huyo ni mama? Nikamwambia anyamaze."

Mama yule alikaa juu ya zile shuka. Alikaa pale mpaka muuguzi akaja kumwita, ndipo akasema, "Kwa hiyo alinisikia."

Hakusema kwamba amemsamehe, na baba hakumwomba. Ila kila siku baada ya hapo shuka za kitanda kile alizileta yeye, akazitandika yeye, akizungumza naye kidogo juu ya hali ya hewa na maumivu ya mgongo, hadi marehemu alipotutoka tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yetu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliolala sebuleni kwetu ili mama asibaki peke yake, askari wenzake mliokuja bila sare, na wale ambao hawakuweza kuonekana hapa, salamu zao zimetufikia. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wawili. Yule mama amekuja, ameomba kukaa upande wa wafiwa, na mama yetu amesogea kumpisha.

Baba yetu, Sajini Wino, tunakulaza kwa uchungu na kwa upendo. Mungu akupe pumziko na amani.