Yai la Njia ya Muyinga

Wanangu mnaosoma, angalieni mnapokulia chakula. Nilikuwa kwenye basi dogo kutoka Gitega kwenda Muyinga, na mbele yangu walikaa mke na mume, wote wanafunzi wa masta. Jumapili walikuwa wamebeba vitabu, wakapanda kilima kule Bugendana, wakala maharage na ndizi kwenye nyasi huku wakisoma. Mtu akawaona, akampigia simu mama wa yule mke: mwanao na mumewe wanakula porini, hawana nyumba. Sasa mama amewaita.

"Ile iko pikiniki tu, sheri," mume alimbembeleza mkewe. "Mi nitamwelezea."

"Utamweleza nini, Adriano? Kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania tulikula nje, mvua ikituongezea mchuzi. Mama aliapa tukirudi kwetu sitakula tena bila paa."

"Lakini kule iko hewa nzuri!"

"Hewa utamwambia wewe. Mimi ameshanitandikia kitanda, anasema sirudi Gitega."

Mume akainama. Nilidhani anafikiri, kumbe anamenya yai. Akalitia lote mdomoni.

"Adriano! Tunafika!"

Basi likasimama Muyinga. Nje ya dirisha la mume alisimama mama mmoja, mikono kiunoni. Mume akajaribu kusalimia, kikatoka kiini cha yai.

"Hata njiani, baba?" mama akauliza.

"Mama, basi si lina paa!" mkewe, Ursula, akasema upesi.

Mama akainua macho, akalikagua lile paa. Sisi wengine tukashuka, polepole sana.